Moshi Uliohamishwa: Tozo za London, Magari ya Umeme na Hewa ya Miji Yetu

Februari 2013, mtoto Ella Adoo-Kissi-Debrah alifariki jijini London akiwa na umri wa miaka 9. Alikuwa na pumu kali, na katika muda wa takriban miaka mitatu alilazwa hospitalini karibu mara 30. Nyumba yao ilikuwa Lewisham, hatua chache kutoka South Circular, barabara ambayo malori na magari ya dizeli huipita usiku na mchana. Mama yake, Rosamund, hakukubali jambo liishie hapo. Alipigania uchunguzi mpya, na Desemba 2020 mchunguzi wa vifo Philip Barlow akatamka kwamba hewa chafu ilichangia kifo hicho. Ilikuwa mara ya kwanza nchini Uingereza hewa chafu kutajwa rasmi miongoni mwa sababu za kifo cha mtu.

Wanasayansi walikuwa wameshasema mengi kabla ya hapo. Juni 2012, taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. WHO yenyewe inakadiria kwamba hewa chafu ya nje ilisababisha vifo milioni 4.2 vya kabla ya wakati mwaka 2019, na mwaka 2021 ilishusha kiwango inachopendekeza cha chembechembe ndogo, PM2.5, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka. Uchunguzi wa Lewisham uliipa takwimu hiyo jina na mtaa.

Hoja ya makala haya ni kwamba tozo ya moshi husafisha hewa panapotimia masharti mawili. La kwanza, gari bovu liache kutembea kabisa, si kuhamia kwa wengine. La pili, anayetozwa awe na njia nyingine ya kufika kazini. London ilitimiza sharti la pili kwa kiasi kikubwa, la kwanza ikaliacha njiani. Miji ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo inayopokea magari yaliyokwisha kukataliwa kwingine, haijatimiza hata moja. Kwa hali hiyo, Dar es Salaam au Nairobi ikinunua kamera za tozo kama za London itakuwa imenunua kamera tu.

Tuanze na London yenyewe. Tozo ya kwanza, ya paundi 5 kwa siku, ilianza 17 Februari 2003 katikati ya jiji, na shabaha yake ilikuwa foleni. Tozo ya moshi yenyewe, inayojulikana kwa kifupi ULEZ, ilianza Aprili 2019 katika eneo lilelile: paundi 12.50 kila siku kwa gari lisilofikia kiwango. Oktoba 2021 ikapanuliwa hadi barabara za North na South Circular, na 29 Agosti 2023 ikafika mipaka ya jiji lote. Gari la petroli linatakiwa kufikia kiwango cha Ulaya cha Euro 4, ambacho magari mengi ya kuanzia 2006 yanacho. La dizeli linatakiwa kufikia Euro 6, yaani kwa kawaida liwe limetengenezwa kuanzia 2015.

Pengo hilo kati ya petroli na dizeli lina historia inayoeleza hasira za watu. Mwaka 2001 serikali ya Uingereza ilianza kupanga kodi ya gari ya kila mwaka kwa kuangalia kiasi cha hewa ya ukaa. Dizeli hutoa hewa ya ukaa kidogo zaidi kwa kilomita, basi wananchi wakakimbilia dizeli. Septemba 2015 Volkswagen ikanaswa Marekani ikiwa imeweka programu ya kudanganya vipimo katika magari yapatayo milioni 11 duniani. Aliyenunua dizeli kwa kuitikia kodi ya serikali alijikuta, chini ya miaka 20 baadaye, anatozwa kwa kuwa nayo. Julai 2023, katika uchaguzi mdogo wa Uxbridge na South Ruislip, chama cha Labour kilikosa kiti ambacho wengi walidhani kitakipata, na lawama zikaangukia ULEZ. Kamera zilikatwa waya usiku. Meya Sadiq Khan hakurudi nyuma. Alitenga mamilioni ya paundi kuwasaidia wakazi kuachana na magari yaliyopitwa na kiwango, na Mei 2024 akachaguliwa tena.

Matokeo yapo. Februari 2017, magari yaliyofikia kiwango yalikuwa asilimia 39 ya yaliyoonekana barabarani. Septemba 2024 yalikuwa asilimia 96.7. Nitrojeni dioksaidi kando ya barabara ilipungua kwa asilimia 27 kwa jiji zima, na kwa asilimia 54 katikati ya jiji, ikilinganishwa na makadirio ya jinsi hali ingekuwa bila tozo. Lakini nyuma ya kamera kulikuwa na daftari la usajili linaloonyesha kila gari ni la kiwango gani, mabasi yanayopita kila baada ya dakika chache, na treni za chini ya ardhi. Mkazi wa Brixton akiacha gari nyumbani, hakosi usafiri.

Sasa turudi kwenye sharti la kwanza. Magari yasiyofikia kiwango yalikwenda wapi? Baadhi yalivunjwavunjwa na kuyeyushwa, mengine yakauzwa katika miji isiyokuwa na tozo, mengine yakavuka bahari. Mwaka 2024 mpango wa London wa kuondoa magari hayo uliruhusu hata wenye nayo kuyatoa msaada Ukraine. Nchi iliyo vitani inahitaji magari, na sina neno na hilo. Ila kihesabu, moshi uliofutwa London uliandikwa mahali pengine.

Katika bandari zetu hesabu hiyo ni kubwa. Ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba kati ya 2015 na 2018 magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje kutoka Umoja wa Ulaya, Japani na Marekani, na takriban asilimia 40 yake yalikuja Afrika. Wakaguzi wa Uholanzi waliochunguza magari yaliyokuwa bandarini yakisubiri kuletwa Afrika walikuta mengi hayafikii Euro 4, na mengine yalikuwa yameshanyofolewa vichujio vya moshi. Kwa Kenya, Uganda na Tanzania, zinazoendesha kushoto, mlango mkubwa ni Japani. Huko gari jipya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na kadiri linavyozeeka ndivyo gharama ya kulipitisha inavyomfanya mwenye nalo aone heri aliuze. Ukaguzi wa Japani ni tozo ya moshi isiyo na jina hilo. Inasafisha hewa ya Osaka, na meli inafanya yaliyobaki.

Serikali zetu zimejibu kwa kuangalia umri. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia yaliyozidi miaka 15. Tanzania huyaruhusu, ila hupandisha ushuru kadiri gari linavyokuwa kuukuu. Umri ni rahisi kuusoma kwenye karatasi, na ofisi yoyote hupenda kipimo kinachosomeka kwenye karatasi. Moshi, hata hivyo, haufuati cheti cha usajili. Gari la miaka 12 lenye injini iliyotunzwa na kichujio chake huweza kutoa hewa nafuu kuliko la miaka 6 lililopita gereji isiyofaa.

Hapo gereji pana jambo ambalo makala za sera hazilitaji inavyostahili. Chini ya gari la petroli, kwenye bomba la ekzosi, kuna kopo la chuma. Ndani yake mna kauri yenye vitundu vyembamba vilivyopangana kama sega la nyuki, iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu, na hewa ya sumu ikipita humo hugeuzwa kuwa nafuu kabla haijatoka. Mafundi huyaita masega. Kuyatoa ni kazi ya muda mfupi: bomba linakatwa kwa grenda, kauri inagongwa kwa nondo mpaka imwagike kwenye karai, kopo tupu linachomelewa palepale lilipokuwa. Ukiinama ukachungulia chini ya gari, huoni kilichobadilika. Mnunuzi wa masega huja na bei kwa kila aina ya gari, maana madini yaliyomo ni ya thamani. Mwenye gari huambiwa kwamba sasa gari litakuwa jepesi na halitakula mafuta. Wengine hata hawaambiwi.

Kinachoumiza ni kwamba tulishalipia nusu ya kwanza ya kazi hii. Petroli yenye risasi iliondolewa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, katika kampeni iliyosimamiwa na UNEP kutoka Gigiri, Nairobi. Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikahamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Salfa huharibu vichujio. Ndiyo maana ilipunguzwa. Tumesafisha mafuta ili vichujio vifanye kazi, kisha vichujio tumeviuza.

Kwa hiyo kabla ya kamera kuna kifaa kingine cha kununuliwa, nacho ni cha bei ya chini mno: mashine ya kupima hewa ya ekzosi, yenye mrija unaochomekwa nyuma ya gari injini ikiunguruma. Iwekwe bandarini kwa kila gari linaloshuka na kwenye vituo vya ukaguzi kwa yaliyokwisha kuingia. Askari wa usalama barabarani hukagua taa, matairi, bima na stika. Ni nadra mno kumwona ameshika mrija huo. Gari lisilo na masega lingejulikana ndani ya dakika chache, na biashara ya masega ingekosa soko bila msako wowote.

Wapo watakaosema kwamba hatua hiyo ni ndogo, kwamba jiji linahitaji tozo itakayoumiza. Swali langu ni tozo hiyo itamuumiza nani. Gari la mkazi wa Masaki, Dar es Salaam, hutoka asubuhi, hurudi jioni, na saa nyingi za mchana limeegeshwa kivulini. Daladala ya Mbagala huanza kabla ya alfajiri na huegeshwa usiku. Bodaboda hailali. Tukihesabu magari, wenye magari binafsi ni wengi. Tukihesabu kilomita, picha inageuka. Dereva wa daladala, kwa kawaida, hana mshahara wa mwezi. Ana hesabu ya kumpelekea tajiri kila jioni, ana mafuta ya kununua, na kinachobaki ndicho chake na konda. Nauli hawezi kuipandisha, imepangwa na mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, LATRA. Ukimwekea tozo ya kila siku langoni mwa Kariakoo, fedha hiyo itatoka kwenye kitu kimoja tu kinachoweza kusubiri: oili haitabadilishwa kwa wakati, kichungio cha hewa kitapigwa upepo badala ya kubadilishwa, pampu ya dizeli itaendelea kumwaga mafuta yasiyoungua vizuri. Tozo iliyokusudiwa kupunguza moshi itauongeza. Na wa kuuvuta ni haohao: konda mlangoni, mama lishe aliyefunika chapati zake kwa gazeti, trafiki wa makutano, na mwanafunzi anayegombania nafasi stendi.

Mtu akisema basi abiria waache daladala wapande mabasi ya mwendokasi, ajue kwamba mabasi hayo yalianza Mei 2016 kwa njia ya Kimara hadi Kivukoni, na abiria waliyajaza mara moja. Anayejua mlango wa basi la saa moja asubuhi hatashauri tuongeze abiria kabla ya mabasi.

Kuna pia suala la uhalali machoni pa wananchi. Kenya ilikutana nalo mwaka 2024. Muswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza kodi ya gari ya asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka, isiyopungua shilingi 5,000 na isiyozidi 100,000, pamoja na tozo iliyopewa jina la mazingira kwa bidhaa mbalimbali. Kodi ya gari iliondolewa hata kabla vijana walioandamana kuupinga muswada hawajafika bungeni tarehe 25 Juni, na muswada mzima ukaachwa. Wengi wamelisoma tukio hilo kama ushahidi kwamba tozo za mazingira hazikubaliki Afrika Mashariki. Mimi nalisoma vingine. Kodi inayofuata thamani ya gari humtoza zaidi mwenye gari jipya, ambalo ndilo safi zaidi, na humwacha mwenye lori linalotoa wingu jeusi alipe kidogo kwa kuwa lori lake ni chakavu. Kwa mtazamo wa hewa ilikuwa kodi iliyopinduliwa miguu juu, na waliokataa hawakukosa hoja.

Stockholm ilipita njia nyingine. Tozo yake ya msongamano iliwekwa kwa majaribio Januari hadi Julai 2006, magari yanayoingia katikati ya jiji yakapungua kwa takriban moja ya tano, kisha Septemba wakazi wakapiga kura. Walikuwa wameshaonja barabara zisizo na foleni, nao wakaikubali. Agosti 2007 ikawa ya kudumu. Utaratibu huo wa kuonjesha kwanza na kuuliza baadaye unafaa kuigwa kuliko kamera zenyewe.

Tanzania nayo ilifanya jambo la busara bila kelele. Katika bajeti ya 2017/18, aliyekuwa Waziri wa Fedha, Philip Mpango, alifuta ada ya mwaka ya leseni ya gari na badala yake akaongeza shilingi 40 kwenye ushuru wa kila lita ya mafuta. Nia ilikuwa urahisi wa ukusanyaji, lakini matokeo yake ni kwamba atembeaye zaidi hulipa zaidi, na gari linalokunywa mafuta hulipa kuliko linalobana. Kasoro yake ni kwamba lita iliyochomwa kwenye gari lenye masega na ile iliyochomwa kwenye gari lisilo nayo hulipiwa sawa. Mrija wa ukaguzi ungeziba pengo hilo.

Hapa ndipo umeme unapoingia, na hapa pia ndipo sera inapoteleza. Njia ya haraka ni kufuta ushuru wa magari ya umeme yote. Faida ya kwanza itakwenda kwa mwenye uwezo wa kununua gari jipya na mwenye ukuta wa kufunga chaja, mtu ambaye gari lake, kama tulivyoona, hushinda limeegeshwa. Hewa haitaona tofauti. Umeme uanzie kwenye vyombo visivyopumzika.

Kigali imeliona hilo. Kampuni ya Ampersand ilianza biashara ya pikipiki za umeme huko mwaka 2019 kwa mtindo wa kubadilisha betri: dereva hafungiki na bei ya betri, kwa kuwa betri si yake. Inapokaribia kuisha anaingia kituoni, ya zamani inachomolewa, iliyojaa inapachikwa, analipia umeme alioutumia, anaondoka. Kwake ni kama kujaza petroli. Kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya za abiria zinazosajiliwa Kigali zinatakiwa ziwe za umeme. Nairobi, kampuni ya BasiGo iliyoingiza mabasi ya umeme mwaka 2022 ilikuja na malipo ya kwa kilomita, ili mwenye matatu asilazimike kubeba gharama ya betri siku ya kwanza. Mwaka 2023 Kenya ikaidhinisha bei maalumu ya umeme wa vyombo vya moto: shilingi 16 kwa yuniti, na 8 saa ambazo matumizi ni madogo. Mipango hii yote ina siri moja. Inalingana na jinsi dereva anavyopata fedha, kidogokidogo, kila siku.

Umeme wenyewe si kikwazo kama inavyodhaniwa. Sehemu kubwa mno ya umeme wa Kenya, kiasi cha asilimia 90, hutoka kwenye jotoardhi la Olkaria, maji, upepo na jua. Tanzania ina bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024. Tatizo liko mtaani, kwenye transfoma inayozidiwa na nyaya zinazoanguka mvua ikinyesha, na hilo ni kazi ya shirika la umeme kabla ya kuwa kazi ya wizara ya uchukuzi. Gesi asilia ya Songosongo, inayotumika Dar es Salaam kwenye bajaji na magari yaliyofungwa mitungi, nayo hupunguza masizi, na ningemshauri mwenye bajaji aifunge leo bila kusubiri betri. Foleni za vituo vya gesi ndizo zinazomvunja moyo.

Gari la umeme halifuti uchafu wote. Matairi yanasagika, breki zinatoa chembe, na katika mitaa isiyo na lami vumbi hupanda bila kujali kilichomo chini ya boneti. Dampo la Dandora, Nairobi, huungua, mkaa huungua, takataka za nyuma ya nyumba huungua. Tena betri zina gharama yake ya kibinadamu: zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia huchimbwa Kongo, katika ukanda wa Kolwezi na Likasi, ambako wachimbaji wanaoingia mashimoni kwa mikono huzungumza Kiswahili hikihiki tunachoandikia. Zipo betri za chuma na fosfati zisizotumia kobalti kabisa, na serikali inayoondoa ushuru ina nafasi ya kuchagua ni betri gani iondolewe ushuru.

Limebaki suala la fedha. Barabara zetu zinatengenezwa kwa shilingi za kila lita. Kenya ilipandisha tozo yake ya matengenezo ya barabara kutoka shilingi 18 hadi 25 Julai 2024. Kila bodaboda inayohamia kwenye umeme inaacha kuchangia mfuko huo. London imeshafika kwenye njia panda hiyo. Kwa miaka mingi magari ya umeme yaliingia katikati ya jiji bila kulipa tozo ya msongamano, na yalipokuwa mengi msamaha huo ulikomeshwa, Desemba 2025. Dodoma na Nairobi ziandike masharti yao sasa, vyombo vya umeme vikiwa bado vichache: bodaboda na basi la umeme vipewe msamaha ambao tarehe yake ya mwisho inajulikana tangu mwanzo, gari binafsi la umeme lilipe kwa kilomita, na shilingi za kwanza za malipo hayo zinunue mashine za kupimia ekzosi bandarini Dar es Salaam na Mombasa.